Mume Mpya Aulizwa Maswali

Jumanne, saa tatu na dakika kumi asubuhi, katika ofisi ya uhamiaji, mama mmoja mzaliwa wa Msumbiji aliketi kati ya wanaume wawili, mbele ya benchi nililokaa nikisubiri zamu yangu. Kibali chake cha kuishi nchini kilimtaja wa kushoto kuwa mumewe, lakini walishaachana. Sasa ameolewa na wa kulia, katika kijiji cha Pande, na kibali kisipobadilishwa atarudishwa kwao.

Ofisa alitaka kuhakikisha ndoa si ya karatasi tu. Akamuuliza mume mpya, "Mkeo kazaliwa kijiji gani?"

Mume mpya akakuna kidevu, akamtazama mtalaka, yule wa kushoto. Mtalaka akakitaja.

"Baba yake anaitwa nani?"

Mtalaka akamtaja, akaongeza na babu.

"Jamani, mume hapa ni nani?"

"Ni huyu, afande," mtalaka akasema, akimshika mwenzake bega. "Ila bado mgeni, ana miezi minne tu. Atajifunza."

Mama akajifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Ofisa naye akacheka, akaipokea fomu yao ya kubadili kibali.

Kuachana kwa kulaaniana nimekuona sana. Huku kwa kukumbukana sikujua kama kupo.

Jumatano asubuhi, kabla ya chai, nilimuuliza mchumba wangu jina la babu yangu. Alikosea. Nikamwandikia kwenye karatasi, na jina la kijiji chini yake.