Ile ya Juu

Katika miaka ile ya hamsini, mkuu wa ofisi ya pensheni ya watu wa serikali hapa Gisenyi alikuwa na funguo mbili: moja ya kabati la mafaili, na ya pili ni mimi. Hakuna mzee wala mjane aliyemfikia bila kupita mezani kwangu. Nilifungua barua zake, nilipiga majibu yake kwenye mashine, nilipanga nani aingie saa ngapi, na kwa kuwa alikuwa Mbelgiji mwenye Kiswahili cha kuombea chai tu, nilikuwa pia ulimi wake. Baba yangu alikuwa fundi cherehani katika mtaa wa Waislamu. Mimi nilikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kulipwa kwa kukaa kwenye kiti chenye mgongo, na nilijiona nimefika.

Kiswahili changu nilikionea fahari kuliko hata ile mashine. Watu waliposhuka kutoka milimani na Kiswahili chao cha sokoni, niliwasahihisha papo hapo, mara nyingine kabla hata ya salamu kwisha. Leo naona haya. Siku zile niliita hiyo adabu ya kazi.

Asubuhi moja akafika mama mmoja kutoka Bugeshi, miguu imejaa tope jeusi la kule chini ya volkeno. Marehemu mumewe alikuwa kapita wa barabara. Aliwaongoza vibarua waliozibua mitaro na kujaza mashimo, miaka nenda miaka rudi, mpaka homa ya mapafu ikamchukua karibu na kustaafu. Sasa pensheni ilikuwa ya mjane, ila kwanza athibitishe kuwa ndiye. Walikwisha kuja wajane wa uongo, kwa hiyo mkuu aliweka sheria yake: faili linabaki mkononi mwake, hata mimi silioni, na mjane anataja kwa kinywa chake jina la mume, kilima chao, na jina la baba wa mume. Akikosa moja, ndiyo basi.

Mbele ya mkuu, jina la mume alilitaja bila shida, maana lilikuwa la ubatizo, la kigeni. Kilima akakitaja. Nikamwuliza la baba mkwe wake. Akatazama mikono yake.

“Ile jina haipite mu kinywa yangu,” akasema polepole.

Mkuu aliinua kichwa kunisubiri. Saa ilikuwa inakwenda na barazani kulikuwa na watu wengine wanane. Nikamtafsiria: hajui. Neno moja tu. Kweli ulimi hauna mfupa. Mkuu akatia alama kwenye jalada, akaniagiza niandae barua ya kumkatalia, aitie sahihi kabla ya kwenda kula.

Mvua ilikuwa imeanza. Mama akaketi kwenye benchi la barazani karibu na mlango wangu, mimi ndani napiga barua yake, naye hajui kuwa ni yake. Akawa anaongea, nusu na mimi, nusu peke yake. Alisema mume wake hakutulia nyumbani msimu wa “ile ya juu.” Ile ya juu ikianguka kwa nguvu, alichukua jembe akaenda kutazama barabara kabla ya vibarua wake.

“Ile ya juu njo ilimuua,” akasema. “Ilimukuta mu njia, akarudi amelowa mupaka mu mifupa.” Kisha akaniuliza, “Mwana wangu, ile ya juu itaisha saa ngapi?”

Nikashindwa kuvumilia. “Mama, inaitwa mvua. Sema mvua.”

Akajifunika mdomo kwa kiganja, upesi, kana kwamba nimetukana mbele ya wakwe.

Vidole vyangu vikasimama juu ya mashine. Kiganja kile nilikijua. Mama yangu mzazi, Mnyarwanda aliyeolewa na Mswahili wa mjini, hakuwahi kutamka Ijumaa maisha yake yote. Alisema “siku ya kanzu.” Sisi watoto tulimcheka, tukidhani ni utani wake. Shangazi ndiye aliyenieleza baadaye: jina la babu yangu lilitokana na siku hiyo, na kwa watu wa upande wa mama, mke hatamki jina la baba mkwe, wala neno lolote linalofanana nalo. Basi mvua kwa Kinyarwanda ni imvura. Maneno hayo mawili ni ndugu, na mama huyu alikuwa analikwepa la kwao hata likija kwa nguo ya Kiswahili.

Nilistaajabu, nasema wazi, na sijastaajabu hivyo tena. Mwanamke wa Bugeshi, ambako hunyesha karibu kila siku, mke wa mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kupambana na mvua, alikuwa amekaa miaka mingapi bila kulitia neno hilo mdomoni? Akianua maharage, akimwita mtoto aingie ndani, akimlilia mumewe? Na leo neno hilo moja lilisimama kati yake na pensheni, hakuna mtu wa kwao wa kumsikia, na bado hakulisema. Mimi nilikuwa nasema lolote mbele ya yeyote, nikijiita msomi.

Nikaichomoa barua kwenye mashine, nikabisha hodi kwa mkuu. Nikamwambia nimetafsiri vibaya. Akavua miwani. Karani aliyenitangulia alifukuzwa kwa kosa dogo kuliko hilo. Nikamweleza desturi, kisha, kabla hajajibu, nikamtajia jina la baba mkwe kama nilivyolidhania: neno lile la mvua, jinsi wazee wa huku wanavyolifanya jina la mtu. Sitaliandika hapa. Nimekwisha kulitaja mara moja, yatosha.

Akafungua faili. Akautazama ukurasa mmoja kwa muda mrefu.

“Amekuambia saa ngapi?”

“Hajaniambia, bwana.”

Akatoka mwenyewe barazani, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akalisoma lile jina kwa sauti, na matamshi yake mabaya. Yule mama akateremka kwenye benchi, akapiga magoti juu ya saruji na kuinamisha kichwa, kama mkwe amsalimuvyo mzee wa nyumba akiingia. Hakumpigia magoti Mzungu. Hata Mzungu alilijua hilo, maana alirudi nyuma hatua moja, kana kwamba anampisha yule baba mkwe.

Nikapiga karatasi mpya, ya kumkubalia pensheni. Mama akatia kidole gumba, nikamkabidhi nakala yake.

“Ile jina iko mu hii?” akauliza.

“Iko, mama.”

Akaikunja, maandishi yakitazama ndani, akaiweka kifuani chini ya kitambaa, akasimama aondoke. Nje kulikuwa bado kunamiminika.

“Ngoja kidogo, mama,” nikamwambia. “Ile ya juu bado.”

Akanitazama, akacheka, akarudi kuketi.