Ujumbe Tuliousoma Sote

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Mifugo wa Wilaya alinikabidhi sindano, boksi la barafu la kutunzia chanjo, na pikipiki isiyo na breki ya mbele. "Taarifa ya ugonjwa usimtume mtu," aliniambia. "Ipeleke mwenyewe." Ndivyo nilivyofanya katika kata ya Kaisho, na baadaye ya Igurwa.

Miaka yangu ya mwisho alikuja Mkuu wa Idara kijana, akatuunganisha kwenye kundi la kuandikiana kwa simu: yeye, maafisa mifugo watatu wa kata, nami nikiwa mmoja wao, muuguzi wa zahanati na mtendaji wa kijiji. Wawili kati yao sikuwahi kuwaona kwa macho. "Sasa anachojua mmoja, wote tunajua," alisema. Nikaamini. Ugonjwa wa chambavu ulipoua ndama upande mmoja, upande wa pili tulichanja kesho yake.

Asubuhi moja nikiwa zizini, muuguzi aliandika: Laurenti, kibarua wa kuchunga ng'ombe kule kijiji cha Ndama, ameumwa na mbwa mwenye dalili za kichaa. Kidonda kimeoshwa kwa sabuni, lakini chanjo zahanati imekwisha. Apelekwe hospitali leo hii, hana usafiri.

Tukaweka alama ya dole gumba, mmoja baada ya mwingine. Mimi nilimaanisha nimesoma. Muuguzi alielewa kuna anayekwenda. Mtendaji akampigia simu mke wa Laurenti: "Wataalamu wamepokea, gari linakuja."

Hakuna aliyekwenda.

Wiki chache baadaye Laurenti alianza kuogopa maji. Kichaa cha mbwa kikifika hapo hakina dawa. Alikufa amefungwa kamba kitandani. Kundi likajaa pole, na yangu ikiwemo.

Tangu hapo kila taarifa ilipoingia nilipiga simu: "Nani anakwenda? Nitajie jina." Wenzangu walinichoka. Ninyi mnaofanya kazi na watu msiowaona, nanyi mtachokwa, ulizeni tu.

Nilipostaafu nilikwenda kwa mjane wa Laurenti, Konsolata. Nilimkuta akimenya ndizi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa kwenye lile kundi. Ujumbe niliuona, na sikuja."

Kisu kikasimama. "Nilimvalisha shati safi. Tulikaa barabarani mpaka jua likazama. Kila gari likitokea, anainuka." Akanitazama. "Mlikuwa wangapi?"

"Sita."

"Sita," alirudia polepole, kisha akaendelea kumenya. Hakunikaribisha kukaa, nami sikustahili.