Msahafu kwa Fundi Viatu

Juzi, mtaa wa Asiatique, nikisubiri kiatu changu kwa fundi, mama mmoja alifungua kitenge akatoa msahafu uliochakaa. Fundi akaugeuza, kurasa zikamwagika mezani.

"Mama, hii imeisha. Tuizike tu."

Ndivyo tunavyofanya Waislamu: msahafu uliokwisha hatuutupi, tunauzika kwa heshima.

"Apana," mama akasema, akikusanya kurasa. "Mi nilikimbia nayo mugongoni, pamoja na mutoto. Mu hii vita tumezika ya kutosha. Shona."

Fundi akasukuma kiatu changu pembeni, akaenda kutawadha, akarudi na uzi mpya.

Wanaouliza kitabu kina kazi gani wakati wa vita wasiniulize mimi. Nilirudi nyumbani na kiatu kimoja, na sikunung'unika.