Fahali Kwenye Mfuko wa Dagaa

Shemeji yangu Thadeo hajawahi kupara samaki hata mmoja, lakini siku mkewe, mdogo wangu Eufrasia, alipotaka mifuko ya kuuzia dagaa wake, ghafla tukaambiwa kwamba nyumba ile ina bingwa wa biashara. Simsemi kwa wivu. Namsema kwa sababu nilikuwepo, na hasira bado ninayo.

Eufrasia ni mtoto wa Bukima kama mimi. Dagaa wake anawaanika juu ya chanja, si mchangani, halafu anawachambua mmoja mmoja na kuwakaanga kwa chumvi na limao. Bernado, mwenye duka kubwa la vyakula Bunda, aliwaonja akamwahidi rafu ya mbele, pale mlangoni. Sharti lilikuwa moja tu, waje kwenye mfuko uliochapwa vizuri. Rafu kama ile Eufrasia alikuwa ameitafuta miaka minne, beseni kichwani.

Tukaenda kwa Evance, mchora lebo wa pale Iringo, Musoma mjini, ambaye kazi yake anaijua. Alishauri mfuko uachiwe sehemu angavu ili mnunuzi aone kwamba hakuna mchanga, picha iwe ya dagaa na ugali sahanini, jina lisomeke kutoka mbali. Eufrasia alikubali kila kitu. Thadeo, ambaye hakuna aliyemuuliza, akakohoa.

"Kwetu mtu haonyeshaga dagaa," alisema. "Dagaa ni chakula cha kuku. Jina langu likipita Bunda, lipite na ng'ombe."

Yeye ni mtu wa Butiama, ukoo wa wafugaji, na ng'ombe kwao ndicho kipimo cha mtu. Na hilo sina ubishi nalo. Ila yuko mjini mwaka wa kumi na tano sasa, hana hata mbuzi, na mboga anayokula kila siku ni hao hao dagaa. Alipanda pikipiki hadi kwa baba yake, akamwogesha fahali wa mzee kwa sabuni ya unga, akampiga picha kutoka chini ili nundu ionekane kubwa. Fahali akajaza mfuko mzima. Sehemu angavu ikafutwa, eti mtu mwenye adabu hachungulii mali ya mwenzake. Neno dagaa likasukumwa chini ya kwato, dogo kabisa, na jina la Eufrasia halikuwekwa popote.

Evance alipinga mara mbili. Alieleza kwamba mifuko inachapwa Mwanza, na sampuli ikishasainiwa hakuna kurudi nyuma. Thadeo akaisaini, tena kwa saini ndefu yenye mkia. Mdogo wangu alimwachia. Baadaye nilimbana, akasema mume humvui nguo mbele za watu. Nikamwambia huyu amejivua mwenyewe.

Wiki mbili baada ya mzigo kupelekwa, tulikwenda Bunda kuiona rafu. Pale mlangoni palikuwa na biskuti. Tulizunguka duka mpaka nyuma, na huko tukamkuta fahali wa Butiama amepangwa kati ya pumba na mashudu. Siwalaumu waliompanga. Dagaa wa mifugo nao huuzwa, mfuko hauonyeshi kilichomo, na mbele amesimama ng'ombe. Wangewaza nini? Kabla Eufrasia hajafungua mdomo, mama mmoja aitwaye Ghati aliingia akaomba mifuko mingine mitatu.

"Hiki cha ng'ombe ni kizuri," alimwambia Bernado. "Kuku wangu siku hizi wanatagaga mpaka nashangaa."

Eufrasia alilia pale pale, mbele ya wateja. Miaka minne ya kuchambua, na walaji ni kuku. Bernado aliona haya. Alisema angeondoa biskuti na kumshikia nafasi hiyo kwa siku saba, mradi dagaa waje kwenye chombo kinachoonyesha. Tukarudi Musoma, tukanunua makopo angavu, na Evance akayabandika karatasi nyeupe yenye maneno machache: Dagaa wa Eufrasia, Bukima. Siku ya tano yalikuwa mlangoni.

Mifuko ya fahali iliyorudishwa imejaa chumbani kwao. Jumapili, baada ya ibada, Thadeo aliketi mezani nikiwa hapo, akauliza watu wa Bunda wanamsemaje fahali wake. Eufrasia aliinuka. Alileta mfuko mmoja, akaukata kwa mkasi, akamimina dagaa kwenye sahani ya mumewe kando ya ugali.

"Wanamsifu, baba Enos," alisema. "Kula. Kuku wa Ghati wamekula, wakataga."

Thadeo alinitazama, akaona kwangu hakuna msaada. Nikamsogezea chumvi, akala mpaka akamaliza.