Sura Iliyo Kwenye Sabuni

Wanaosema kwamba mjane wa mtengeneza sabuni alikwenda kwa msajili wa alama za biashara kwa sababu ya wivu hawasemi kweli. Mdomo ni jumba la maneno, lakini si kila mpangaji wa jumba hilo ni wa kuaminika. Alikwenda kwa sababu mali ya mumewe ilikuwa inachukuliwa mchana kweupe. Wala hakupiga mayowe kama ilivyosimuliwa saluni. Mwanamke aliyefundisha hesabu sekondari mpaka akastaafu hajui hata mayowe yanaanzia wapi.

Marehemu alianza kwa kuchemsha sabuni kwenye pipa nyuma ya nyumba. Baadaye akapata banda na wakataji wawili, kisha akachonga muhuri wa mti kwa mkono wake: sura ya mwanamke mwenye kilemba, ametazama upande, kidevu juu. Kila mche ulipigwa muhuri huo kabla haujakauka. Dukani watu hawakutaja jina la sabuni. Walisema tu, "Nipe ile ya mama." Mkewe akaanza kuitwa Mama Sabuni, naye hakumkataza mtu.

Alimwambia mumewe zaidi ya mara moja aisajili alama ile. Marehemu alicheka. "Mama watoto, nani asiyeijua? Au unataka waitolee sabuni cheti cha kuzaliwa?"

Alikuwa bado na mavazi ya eda kabatini binti yake alipomletea gazeti la serikali, ambamo maombi ya alama mpya hutangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Sura ilikuwa ile ile, na kidevu kile kile. Mwombaji alikuwa kijana mwenye kiwanda kidogo upande wa pili wa mji. Mama yake kijana huyo aliwahi kuwa mkataji wa sabuni bandani kwao.

Mjane akapeleka pingamizi. Majibu ya kijana yalikuwa mafupi: sura ile ni ya mama yangu mzazi, na dunia nzima inajua.

Hapo ndipo usingizi ulipompaa. Akisema sura si yake, mji mzima utamcheka kwa miaka yote aliyoitikia "Mama Sabuni". Akisema ni yake, atakuwa amelisema hilo kwa kiapo, na kiapo si mzaha. Na zaidi ya hayo, nani alimnong'oneza kijana kwamba alama haikuwahi kusajiliwa? Jambo hilo halikutoka nje ya familia. Akamshuku wakili wake mwenyewe, kwa kuwa alitabasamu mno. Akamshuku mkataji wa zamani. Lakini zaidi alimshuku wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke ambaye hakuwahi kuingia nyumba bila kuuliza kilichomo.

"Tunahitaji kuonyesha mliitumia kabla yake," wakili alimwambia. "Leta sabuni ya zamani."

"Sabuni huogewa, mwanangu. Nani ameweka sabuni ya zamani?"

"Na muhuri?"

"Upo. Lakini mti hauna tarehe. Watasema tumeuchonga juzi."

Wiki hiyo hiyo wifi akabisha hodi, mkoba kwapani.

"Wifi, nasikia unatafuta sabuni."

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa mwanao. Siku hizi kusikia nako ni kosa?"

"Inategemea unapeleka wapi unachosikia."

Wifi akacheka. "Tangu uolewe unanihesabia vijiko kila nikiondoka."

"Na havijapungua. Karibu chai."

Wifi hakugusa chai. Alitoa mche wa sabuni uliofungwa kwa gazeti lililogeuka rangi ya majani makavu. Alipoolewa, kaka yake alimpa miche aitie sandukuni nguo zinukie. Mmoja ulisahaulika chini kabisa, katikati ya mashuka. Tarehe ya gazeti ilisomeka vizuri. Mwombaji alikuwa hajazaliwa.

Mjane aliinusa sabuni. Akaigeuza, akachunguza mikunjo ya gazeti kama anayesahihisha mtihani wa mwanafunzi mwizi. Mikunjo ilikuwa ya zamani kweli.

"Kwa nini unanipa?"

"Kaka yangu ndiye aliyechonga. Au ulidhani nitampa nani?" Wifi akafunga mkoba taratibu. "Lakini wakikuuliza sura ni ya nani, utasemaje? Mimi nilikuwepo siku anachonga."

"Chai inapoa, wifi."

Siku ya shauri chumba kilikuwa kidogo, feni inazunguka bila kuleta upepo. Mama wa kijana alikaa benchi la nyuma, kilemba kichwani. Mjane hakugeuka. Afisa aliipokea sabuni, akasoma tarehe ya gazeti, akaitazama sura. Akamtazama yule wa benchi la nyuma. Kisha akamtazama mjane, na akarudi kwenye sabuni.

Wakili wa kijana akasimama. "Mama, sura hii ni yako?"

"Aliyeichonga ni mume wangu. Nyumba yangu iliuza sabuni yenye sura hii kabla mwombaji hajazaliwa."

"Sikuuliza hilo, mama."

"Nimesikia ulichouliza."

Afisa akavua miwani, akasema kinachoamuliwa pale ni nani alitangulia kuitumia alama, na hilo limeshajibiwa. Akaandika. Ombi la kijana likakataliwa, na baadaye alama ikasajiliwa kwa jina la ukoo wa marehemu, kama ilivyostahili tangu mwanzo.

Wakiwa njiani kurudi nyumbani, binti yake akamuuliza kwa sauti ndogo, "Mama, kweli ni wewe?"

"Alama ni ya baba yako," mjane alijibu. "Cheti kitatundikwa ukutani, atakayetaka aje akisome. Mengine siyasemi, si kwako wala kwa mtu mwingine."