Unga wa Meno wa Bi Jokha

Kila kopo la unga wa meno lililotoka katika duka la Jokha binti Bader, kule Quartier Asiatique, mtaa wa Waasia, lilikuwa limefunguliwa. Mteja alichagua kopo lake mwenyewe kwenye rafu. Jokha alilifungua mbele yake, akachota unga kidogo kwa ncha ya kijiti, akausugua kwenye meno yake ya mbele, akatema katika bakuli na kusuuza kinywa. Mteja alimtazama usoni kwa muda, kisha akafunika kopo na kwenda zake. Wakija wateja kumi, Jokha alipiga mswaki mara kumi. Kufikia jioni ufizi wake ulikuwa umewiva kama nyanya.

Hakuzaliwa kwa kazi hiyo. Baba yake, mzee Bader, aliuza viungo na vitambaa katika duka hilo hilo tangu mji ulipokuwa ukiitwa Usumbura, na Jokha alikulia chini ya meza, kati ya magunia ya mdalasini na pilipili manga. Aliolewa na Faris, wakaendelea na duka. Mwaka wa tisini na tano, Faris alikuwa anashusha mlango wa chuma mchana wa saa nane, mji ukiwa na hofu, risasi ambayo haikuwa yake ikamkuta pale pale. Baada ya arobaini, Sultani, kaka yake Jokha, aliwachukua mabinti wawili, Nura na Hiba, akaenda nao Maskati. Tangu hapo aliandika kila mwezi swali moja: unangoja nini? Jokha alikuwa hajamjibu. Barua zilikaa chini ya mizani.

Mwaka uliofuata nchi jirani zilifunga mipaka. Petroli ikapotea, chumvi ikapotea, dawa zikapotea. Dawa ya meno ya tyubu, ambayo hakuna aliyewahi kuifikiria, nayo ikapotea. Zilizobaki madukani zilikuwa za zamani, zimekauka mpaka zinatoka vipande vipande kama chaki.

Aliyeanza kulalamika alikuwa Dorothée, mwalimu wa shule ya msingi kule Gihosha, mteja wa miaka mingi.

"Mama Nura, nipe kitu yoyote. Nafundisha watoto arobaini na mudomo inanuka."

Jokha alimpa msuaki, kijiti kile cha sunna. Dorothée alikigeuza geuza mkononi.

"Mi nisimame mbele ya watoto natafuna mti kama mbuzi?"

Ndipo Jokha akakumbuka unga ambao mama yake alikuwa akiutwanga. Hakujua kipimo, ila harufu tu. Akajaribu. Unga wa kwanza ulikuwa majivu na chumvi, ukamchubua Dorothée midomo. Wa pili ulikuwa mkaa wa kokwa za chikichi, nao haukusagika vizuri.

"Watoto wameniuliza kama nimekula makaa," alisema Dorothée aliporudi, akafunua meno. "Angalia. Meno yangu iko kama chini ya sufuria."

Walicheka wote wawili, na Jokha akashangaa kusikia sauti yake mwenyewe ikicheka. Safari ya tatu alichekecha mkaa kwa shela yake ya zamani, akaongeza majani makavu ya umuravumba ambayo mama wa sokoni aliapa kwamba yanaua harufu zote, akatia na karafuu kutoka katika gunia la mwisho la baba yake. Dorothée alisugua, akatema, akapitisha ulimi kwenye meno.

"Hii sasa," alisema, "hata ile ya Ulaya ikirudi, sitaiangalia."

Habari zilisambaa. Wakaja walimu, kisha mafundi, kisha watu wa Kanyosha waliokuwa wakishuka mjini kuuza mboga. Na hapo ndipo Jokha alipogundua jambo ambalo alikuwa akiliona maisha yake yote bila kulitilia maanani. Mwanamke mmoja alishika kopo, akaligeuza, akaliweka chini, akalishika tena, asiondoke. Jokha alidhani anataka kuelezwa namna ya kutumia. Dorothée ndiye aliyemvuta pembeni.

"Anangoja uonje."

Katika nchi hiyo, anayekupa pombe au maziwa hunywa kwanza, mbele ya macho yako, ili ujue kwamba hakukuwekea kitu. Zamani ilikuwa adabu tu. Miaka ile, watu walipokuwa wakitazamana bila kuulizana, haikuwa adabu tena. Nyumbani kwa mzee Bader mgeni alipewa kahawa akanywa, basi. Jokha alihisi uso ukimwaka kwa uchungu. Mimi, aliwaza, niliyezaliwa hapa! Lakini alifungua kopo, akachota, akasugua. Yule mwanamke alinunua, na wiki iliyofuata alikuja na jirani zake wawili. Baada ya hapo Jokha hakungoja kuombwa.

Ramadhani ilipoingia, mwezi wa kwanza wa tisini na saba, kuonja mchana kulikuwa hakuwezekani. Dorothée alijitolea. Alikuja shule ikiisha, akaketi karibu na meza na kuonja kopo baada ya kopo huku akiwafanyia watu vituko, akifunga macho kama anayekata roho, kisha akifumbua moja. Watu walicheka wakakubali, kwa kuwa ilikuwa Ramadhani na kila mtu mjini alijua Waislamu wamefunga.

Katika wiki ya pili gunia la mzee Bader lilikwisha. Jokha alipata karafuu nyingine, mpya, zilizovuka ziwa usiku kutoka Kigoma chini ya dagaa. Zilikuwa nene, zenye mafuta, ukizibana zinaacha alama kidoleni. Alizitwanga kwa kipimo kile kile cha karafuu za zamani zilizokauka miaka, na kwa kuwa alikuwa amefunga hakuujaribu unga wake. Aliwauzia watu wachache wa asubuhi, waliokuwa wakimjua na wasiotaka kungoja mwonjaji. Hata kama angeuonja asingeshtuka. Katika nyumba aliyokulia, kinywa kufa ganzi kwa karafuu kulikuwa jambo la kila siku. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anahitaji kuambiwa.

Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, mwanaume mrefu mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi aliingia dukani, akaweka kopo juu ya meza. Hakusalimu.

"Nani anatengeneza hii?"

"Ni mimi, baba."

"Naitwa Sylvère, niko Kanyosha. Bibi yangu, mama ya mutoto, alinunua hapa jana. Leo asubui mutoto amepiga nayo meno, ulimi yake imekufa. Anajiuma, hasikie. Mate inatoka tu, analia."

Jokha alielewa mara moja. "Ni karafuu, baba," alisema. "Karafuu ni mupya, ina nguvu. Inatia ganzi, halafu inatoka. Ni kosa yangu, sikuwaambia."

"Kila mutu anaweza kusema karafuu."

Watu walikuwa wameanza kusimama mlangoni. Nyuma yao mwanamke mmoja alitamka neno lile kwa sauti ndogo: sumu. Jokha alilisikia vizuri kuliko kama lingepigiwa kelele. Mtaa wa nyuma, miezi mitatu kabla, duka la dawa lilikuwa limechomwa kwa neno hilo hilo, na mwenyewe hakuonekana tena. Aliona barua za Sultani zikichungulia chini ya mizani. Kama neno hilo lingetoka mlangoni na kufika sokoni kabla ya jioni, asingebakiwa na cha kumjibu kaka yake isipokuwa kupanda ndege.

"Onja," Sylvère alisema.

"Nimefunga."

"Mi nitaonja," alisema Dorothée, akisimama. "Nimeonja ya watu yote mwezi huu."

"Apana, madamu. We hukuisaga. Mwenye kuisaga aonje."

Massoudi, fundi wa magari wa jirani, aliingia akijifuta mafuta mikononi. Alimwinamia Jokha. "Dada, ionje uiteme. Mungu anaona hali. Ni dharura hii."

"Karafuu haitemwi ikaisha, Massoudi. Inashuka yenyewe kooni."

"Basi utalipa siku moja. Watu wanalipa siku kwa homa tu!"

Jokha alikuwa anajua hilo. Lakini alijua pia kwamba watu wa mlangoni walikuwa wamemwona tangu mwezi uanze akikataa kuonja kwa sababu ya Mungu. Akionja sasa kwa sababu ya woga, ni neno gani lake litakalobaki? Alilisukuma kopo likarudi mikononi mwa Sylvère.

"Sikatai, baba. Shika kopo, usiliache, nisije nikalibadilisha. Jua likizama nitaonja hii hii. Kabla ya tende, kabla ya maji."

"Na mi nifike Kanyosha namna gani? Barrière ya barabara wanafunga saa kumi na mbili na nusu."

Jokha alimwonyesha gunia la mchele akae.

Sylvère alitazama barabara, akatazama kopo. Kisha akakaa juu ya gunia la mchele, kopo mapajani, mikono yote miwili juu yake. Baadhi ya watu walikwenda zao. Wengine walibaki, na hakuna aliyenunua kitu.

Saa mbili ni nyingi kwa watu wasioaminiana. Dorothée alisahihisha madaftari. Massoudi alileta maji kwenye kikombe cha plastiki akampa mgeni. Sylvère akatikisa kichwa. Akaletewa ndizi, akatikisa kichwa tena. Midomo yake ilikuwa imekauka. Alikuwa ametembea kutoka Kanyosha kwa miguu.

"Fundi," alisema Massoudi, "leo umefunga na sisi bila kutia nia."

Sylvère hakucheka, ila bega lake moja lilishuka kidogo.

"Unachonga nini?" Jokha aliuliza.

"Zamani milango." Akajipangusa vumbi la mbao. "Milango haiagizwi tena. Naagizwa masanduku."

Wote walijua ni masanduku gani.

"Mutoto ana miaka ngapi?"

"Sita. Spès. Wakubwa wake wawili tuliwaacha kule milimani, sanduku zao nilichonga mwenyewe." Aligonga kopo kwa kidole polepole. "Ndiyo sababu nimekuja, mama. Si kwa kugombana."

Jokha alitaka kumwambia habari za Faris, na mlango ule wa chuma, akaona haifai kumpa mtu uzito wako wakati ameshika wake. Akasema tu, "Naelewa, baba."

Mwadhini aliita saa kumi na mbili na robo. Jokha alirudisha ushungi nyuma ili uso uonekane, akanyoosha mkono. Sylvère alifungua kopo mwenyewe. Jokha hakuchukua kijiti. Alichota unga kijiko kizima cha chai, akasema bismillahi, akautia kinywani. Alisugua meno, ufizi, ulimi, mpaka machozi yakamtoka. Hakutema. Alimeza, na mlangoni mtu alishusha pumzi kwa sauti.

Walingoja. Midomo ya Jokha ilianza kulegea na mate yakamtiririka kidevuni kama mtoto, naye hakuyafuta, ili Sylvère ayaone.

"Ni ifi ifi?" aliuliza kwa ulimi mzito.

Sylvère alisogea karibu. "Ndiyo," alisema. "Ya Spès ilikuwa hivi hivi."

"Kaa uone inavyotoka."

Alikaa. Saa kumi na mbili na nusu ikapita, barabara ya Kanyosha ikafungwa, na yeye bado anamtazama kinywani. Ganzi ilianza kutoka pembeni mwa midomo, kisha kwenye ufizi, mwisho kwenye ulimi. Jokha aliweza kutamka jina lake na la baba yake. Alijing'ata ncha ya ulimi makusudi, akasikia maumivu, akacheka kidogo kwa kuyasikia. Ndipo akamimina maji kikombeni, akanywa funda moja mbele ya Sylvère, akampa.

Safari hii Sylvère alipokea. Alikunywa chote.

Usiku huo alilala gereji kwa Massoudi, juu ya viti vya gari lililokufa. Alfajiri, barabara ilipofunguliwa, akaondoka. Jokha alikaa na unga wote wa karafuu mpya, akauchanganya na mkaa mara mbili zaidi, na juu ya kila kopo akabandika karatasi: unatia ganzi kidogo, ganzi inatoka. Siku tatu hakuja mtu kununua. Ya nne alikuja mmoja, akasoma karatasi, akaondoka mikono mitupu.

Siku ya tano, asubuhi, Dorothée akiwa bado shuleni, wanawake watatu wa mboga walisimama mezani wakinong'ona, bila kugusa makopo. Sylvère aliingia nyuma yao akiwa ameshika mkono wa msichana mdogo mwenye sweta la kijani. Alisalimu watu wote. Alichagua kopo kwenye rafu, akalifungua, na Jokha alipofumbua mdomo kusema kwamba amefunga, alimwonyesha kiganja.

"Najua. We ulishaonja yako."

Alichota, akasugua meno na ulimi mbele ya wanawake wale, akatema katika bakuli. Kisha akamgeukia binti yake, akamtolea ulimi wote nje. Spès aliubana kwa vidole viwili.

"Unasikia?"

"Bado," alisema Sylvère kwa ulimi mzito.

Msichana akaanza kuhesabu kwa sauti, akingoja ganzi itoke, akiwa bado ameushika. Wanawake walikuja karibu kuangalia. Jokha alitoa barua zote chini ya mizani akaziweka kwenye mtoto wa meza, kisha akaisogeza mizani pembeni, kwa kuwa alihitaji nafasi ya kuweka makopo.