Konzi ya Shangazi

Makala yangu ya kwanza kuhusu mitishamba ilitoka katika jarida dogo la kanisa letu hapa Kitale. Nilieleza mululusia, ule mti wa majani machungu ambao kwetu Bungoma haukosekani uani, na jinsi unavyotumiwa tumbo likisokota. Kipimo nilipewa na shangazi yangu wa Malakisi: konzi moja ya majani makavu, yaani kiasi kinachojaa ngumi, katika kikombe cha maji moto. Mimi si mtu wa kubahatisha, kwa hiyo nilimpigia simu mara mbili. Mara zote mbili alisema konzi moja.

Wiki iliyofuata jirani yangu, mkulima wa mahindi mwenye viganja kama sinia, aliinywa dawa hiyo. Alitapika na kuhara mpaka akalazwa hospitali na kutundikiwa maji. Alirudi nyumbani siku ya tatu, amekonda. Mkewe akanijia na jarida mkononi.

"Mwalimu, si uliandika konzi moja? Mzee aliweka hiyo moja tu, bana."

Kusema kweli, nilimkasirikia shangazi. Niliona amenivua nguo mbele ya waumini. Jumamosi nikashika njia kwenda Malakisi.

Nilimkuta uani anapepeta maharagwe. Nilipomweleza, aliweka ungo chini.

"Ati alirazwa? Kwa konzi moja?"

"Moja, senge," nilimjibu, nikimwita shangazi kwa lugha ya kwetu.

"Mimi nimepatia watu hii dawa tangu niolewe, hakuna mtu amerazwa. Sasa watasema mimi naua watu."

Hasira yangu ikapungua. Nikamwomba achote majani, nami nichote, kila mmoja amwage yake ungoni. Rundo lake halikufika hata nusu ya langu.

Kisha akaninyooshea mkono wake wa kulia, ule ulioniongoza kwenda kanisani utoto wangu wote, ule uliobakiwa na kidole gumba na vidole viwili tu tangu mashine ya kukamua miwa ilipochukua vile vingine kabla sijazaliwa.

"Kwani mkono yangu hukuwa unajua?"

Nilikuwa naujua. Niliuzoea hata nikaacha kuuona. Aibu ilinishika, nikaingia jikoni kwake kutafuta kijiko cha kupimia.